Pima Moja na Nusu, Mlango wa Chunguni

Rasbura, Lindi
3 Juni 2024

Shikamoo babu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na bibi. Sisi huku hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua. Jana kaenda mwenyewe kufyeka chini ya mikorosho, hakusikia la mtu, leo haamki. Kaka Nurdin kanipigia kutoka huko huko Masoko, kumbe ndiye nahodha wa lile boti jipya la chuma linalopeleka abiria na saruji Songo Songo! Nimefurahi sana.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishacheka unakata. Ofisi yetu inatengeneza kitabu cha rejea cha mwambao. Kitawekwa maktaba, mashuleni na kwenye bandari ndogo ndogo, ili mtu akitaka kujua umbali, uzito au kina cha maji afungue asome. Mimi nimepewa vipimo. Nataka kila kipimo kiwe cha mita, kilo au lita, na kiandikwe namna moja kitabu kizima. Bosi wangu, Bwana Augustine, anasema nasumbua watu. Kwake yeye namba ikishakuwepo inatosha, kinachofuata hakimhusu. Juzi kaleta ukurasa wa korosho, gunia lile lile huku "Kgs", huku "KG", huku halina kitu. Nimemrudishia.

Babu, naomba kina cha Mlango wa Chunguni, ile njia ya kati ya miamba, maji yakipwa kuliko siku zote, zile siku za bamvua. Vyombo vinakatiza pale kwenda Songo Songo na hakuna popote palipoandikwa. Niandikie, utie na sahihi. Kwa mita, tafadhali.

Mjukuu wako,
Fauzia

*

Kilwa Masoko
19 Juni 2024

Kwako mke wangu mdogo Fauzia,

Marahaba. Mke mwenzio anakusalimu kwa shingo upande. Yuko jikoni kanuna, anauliza huyo wa Lindi anaandika nini hata barua yake inalazwa chini ya mto. Nimemwambia mapenzi. Kafunika sufuria kwa kishindo, mpaka paka kakimbia.

Hapa salama. Jirani yangu Bashiru kanunua televisheni. Dukani kaipima kwa mikono, mlango wa nyumbani kaupima kwa macho, basi wamevunja fremu ndio ikaingia. Sasa anaangalia mpira na upepo unaangalia naye.

Herufi zangu hizi ni za ngumbaru, usizicheke. Mwalimu wetu siku nisipokwenda darasani alikuwa anafunga mapema, anasema bila Likwata hakuna raha.

Sasa unaniuliza Chunguni. Mie! Unamwuliza samaki kama anaijua bahari? Iko siku lilikuja jahazi la wageni, lina mashine inalia ti ti ti, nahodha wao kavaa kofia nyeupe. Nikamwambia bwana, mbele hapo kuna jiwe kama ng'ombe kalala. Akanionyesha mashine yake, akacheka. Hajafunga mdomo tukasikia krrrr! Nikamwambia ng'ombe kaamka huyo, msalimie. Walinibeba begani mpaka Kilwa. Wengine wanasema ilikuwa kwa machela, waongo hao.

Chunguni kupwa bamvua ni pima moja. Baba yangu alisema pima moja, mie nasema pima moja. Hiyo mita yako siijui. Mikono yake ya nani? Nani kamwona akiinyoosha? Pima unaiona mwenyewe: kucha ya kulia hii, kifua hiki, kucha ya kushoto hii, kwisha kazi. Na mikono yangu mie ni sifa ya Kilwa nzima. Nikimkumbatia mtu inabaki ya kumkumbatia na jirani yake.

Mumeo,
Likwata, nahodha wa manahodha

*

Rasbura, Lindi
8 Julai 2024

Shikamoo babu,

Barua yako imefika na doa la mafuta. Konda aliiacha Nangurukuru kwa Martina, yule mama wa chapati, na Martina akaifunikia sahani mpaka alipopata basi la kuja Lindi. Mama kasoma habari ya televisheni, kacheka hadi kasahau magoti. Idd Kubwa tulikungoja hukuja. Bibi akasema umechoka. Wewe babu, kuchoka?

Nikujibu la mita. Ni kweli haina mikono ya mtu, na ndiyo sababu naitaka. Pima yako si pima ya Bashiru, mfupi yule. Nyote wawili mkiniandikia "pima moja", mtu wa Mtwara atakayesoma atajuaje ni mikono ya nani? Mita ni ile ile kwako, kwa Bashiru na kwa mtoto wa darasa la pili.

Pima yako mimi naihesabu mita moja na sentimita themanini. Kwa hiyo Chunguni nitaandika 1.8 m. Namba, nafasi, kisha m ndogo. M kubwa ni alama ya milioni, haina kazi baharini. Bwana Augustine kaniuliza hivi ile nafasi nikiisahau nani atazama. Nikamwambia leo nafasi, kesho herufi, keshokutwa namba.

Thibitisha tu babu. Boti la kaka likijaa, tumbo lake linazama majini mita mbili, kwa hiyo haliwezi kupita pale maji yakipwa. Analalamika kuzunguka nje ya mwamba ni mbali na abiria wanamtukana. Bora watukane.

Mjukuu wako,
Fauzia

*

Kilwa Masoko
11 Agosti 2024

Mke wangu,

Marahaba. Idd sikuja kwa sababu kanzu mpya ilinikaa vizuri kupita kiasi, nikaogopa wajane wa Rasbura watapigana. Tuko wazima. Mie ndio usiseme, chai nainywa kwa mkono mmoja kikombe kimejaa, nyie vijana mnakishika kwa miwili kama mtoto wa kuku.

Sasa kaa chini. Nurdin alikuja hapa kaniinamia, babu abiria wamenichosha, babu hakuna njia? Nikamwambia mjukuu wangu, Likwata hajafa. Nikachukua ngalawa ya Bashiru, yeye kasia, mie bildi, ile risasi yetu ya kamba ya kupimia kina. Tulipofika Chunguni, kupwa bamvua kabisa, nikaitupa. Ikagonga chini, ngo! Bashiru akataka kupima kamba yeye. Nikamwambia wewe angalia mbele upige kasia, mikono yako hiyo ya kupimia ugoro. Nikaipima mwenyewe kwa mikono yangu.

Pima moja na nusu!

Ndio, soma tena. Mkondo umechimba. Bahari imesikia mjukuu wa Likwata kapewa boti ikafungua mlango. Nimemwambia Nurdin apite, asiulize mtu. Kafurahi huyo, kaniletea kilo mbili za tambi, au sijui nyie mnaandikaje hizo kilo, herufi ndogo au ya kulala.

Andika kwenye kitabu chako: pima moja na nusu, kasema Likwata.

Mumeo

*

Rasbura, Lindi
29 Agosti 2024

Shikamoo babu,

Mama hali yake si nzuri. Goti la kulia limevimba, hatembei, usiku namgeuza. Ndio maana nimechelewa kujibu, na ndio maana siwezi kuja huko mwenyewe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Pima moja na nusu, kwa mikono yako, ni karibu mita mbili na sentimita sabini. Bwana Augustine kashangilia, anataka ukurasa uende kuchapwa wiki hii. Nimeukalia. Babu, mlango mmoja una namba mbili, na zote kazisema mtu mmoja. Ingekuwa mchanga ningeelewa, mchanga unahama. Lakini ulinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo kwamba Chunguni chini ni mwamba mtupu. Mkondo gani unachimba mwamba tangu Juni mpaka Agosti?

Nimekutumia futi, imo ndani ya boksi la biskuti. Simama ukutani, nyoosha mikono, Bashiru akupime toka kucha hadi kucha, uniandikie ni ngapi. Au nitumie kamba yenyewe na alama uliyoifunga, nitaipima hapa.

Kaka hajapita bado, boti liko kwenye matengenezo ya injini. Nimemwomba asipite mpaka nihakikishe. Unajua kanijibu nini? "Wewe una karatasi, babu ana bahari." Kisha akakata. Hayo kajifunza kwako.

Mjukuu wako,
Fauzia

*

Kilwa Masoko
14 Septemba 2024

Fauzia,

Marahaba. Mwambie mama yako asugue mafuta ya nazi na aache ubishi, ubishi ndio unaovimba hapo.

Futi nimeipata. Ya njano, inajirudisha yenyewe kama ulimi wa kinyonga. Mke mwenzio haipumzishi. Kapima mkeka, kapima kitanda, kapima paka toka pua mpaka mkia, jana nimemkuta anapima mchicha. Wewe umeniharibia nyumba.

Mikono yangu ni mita moja na sentimita themanini. Haya, umeridhika? Kamba sikupi. Kamba ya bildi haitembei bila mwenyewe.

Nikuambie kitu na usinune. Ulikuwa bado hujaota jino mie nimeshapitisha vyombo Chunguni gizani kwa kunusa. Hakuna mtu Kilwa hii, mkubwa wala mdogo, aliyewahi kumwambia Likwata hebu rudia. Sasa wewe, mke wa kuchumbia mwenyewe, unanitumia futi kwenye boksi la biskuti unipime kama bati la choo. Mume hapimwi.

Namba nimeshaisema, Nurdin keshaisikia, pwani nzima inaijua. Ukitaka iandike, hutaki iache. Lakini usiniulize tena.

Likwata

*

Rasbura, Lindi
26 Septemba 2024

Shikamoo babu,

Mama anakusalimu. Leo sina habari nyingine za kukupa.

Kanipigia bibi. Si mimi niliyemtafuta, yeye alikuwa anauliza dawa ya ganzi. Nikamwuliza ganzi ya nani. Akasema, "Mumeo huyo. Tangu Ramadhani shati namfunga vifungo mie." Amesema mkono wa kushoto umejikunja kwenye kiwiko na haunyooki, na Nurdin akija unajitupia shuka begani asione. Amekuapia hatamwambia Nurdin. Mimi hukuniapisha.

Bashiru hakukupima, babu. Ile mita moja na sentimita themanini ndiyo niliyokuandikia mimi Julai, umeinakili. Lakini bibi ana futi, na wewe unalala mchana chali. Kakupima kama alivyompima paka, toka kucha hadi kucha. Ni mita moja na sentimita ishirini. Hiyo ndiyo pima uliyokwenda nayo Chunguni. Chukua moja na nusu ya hiyo, unapata 1.8 m, pima moja ile ile ya baba yako. Bahari haijachimba kitu.

Na boti la kaka linazama mita mbili.

Anapita mara ya kwanza Alhamisi tarehe 17 Oktoba, bamvua. Anaondoka saa tatu asubuhi, maana yake Chunguni anafika maji yamekupwa kabisa. Nimempigia nikamweleza yote, hata habari ya mkono. Hakuniamini. Anasema nakudhalilisha kwa ajili ya kitabu. Nimepiga bandarini, mtu wa pale kaniuliza, "Kwani kitabu kinasemaje?" Babu, kitabu ndicho hiki ninachokuomba unisaidie kukiandika.

Hakuna anayeweza kumzuia ila aliyemruhusu. Simu zangu hupokei. Nakuomba. Sitaki useme ulikosea, mwambie tu asipite. Kisha uende hospitali, huo mkono si ganzi.

Ukurasa wa Chunguni nimeuacha mtupu. Bwana Augustine kanipa mpaka mwisho wa Oktoba, la sivyo anaweka ile moja na nusu bila kitu mbele yake, kila mtu asome anavyotaka.

Fauzia

*

Rasbura, Lindi
9 Oktoba 2024

Shikamoo babu,

Martina kanipigia leo. Barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa bado kwake, dereva wake wa Masoko alikuwa anaumwa, kaituma juzi tu. Hii nimempa konda mkononi na nimemwambia asiiache popote.

Kama ile imefika, unajua nataka nini. Kama haijafika, basi soma hili moja: usimwache Nurdin apite Chunguni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 17. Nafasi zote za boti zimeshajaa. Kuna kina mama wanarudi Songo Songo na watoto wachanga, na saruji juu yake.

Kama umeisoma na umenyamaza, sijui nikuandikie nini tena.

F.

*

Kilwa Masoko
20 Oktoba 2024

Mke wangu Fauzia,

Marahaba, marahaba ya shikamoo zote ulizonipa nikawa sijaitika. Mama yako mpe pole. Mke mwenzio hajambo, ila sasa nalala ubavu, sitaki kupimwa tena kama ubao.

Barua zako zote mbili nilizisoma. Sikujibu. Tuendelee.

Alhamisi nimeamka nikavaa kanzu ile ya wajane. Mke mwenzio kanifunga vifungo, naam, ananifunga yeye, onea wivu hukohuko. Nikajitupia shuka nikashuka mpaka gatini. Nikakuta watu wamejaa kama siku ya sherehe, saruji imepangwa, watoto wanalia, injini inanguruma. Nurdin kaniona, kafurahi, kapaza sauti, "Jamani pisheni, babu kaja kutubariki! Leo tunakatiza Chunguni, saa sita tunakula Songo Songo!" Watu wakapiga makofi. Na mie unanijua, makofi nayapenda. Nilisimama pale nikayasikiliza mpaka yakaisha.

Nikamwambia, "Nurdin, Chunguni hupiti."

Kacheka. Kadhani ni utani. "Babu bwana! Si ulisema mwenyewe pima moja na nusu?"

"Nilisema."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Sasa?"

Pale nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, kwamba nimeota, kwamba nimeona ndege wa ajabu, kwamba upepo una harufu. Ningewachekesha na wangezunguka nje wakicheka. Nafungua mdomo hivi, kuna kijana kakaa juu ya saruji akasema, "Mzee kazeeka huyu, leo hivi kesho vile. Kaka, washa twende." Na Nurdin akageuka kushika usukani. Maana mie siku zote nachekesha, Fauzia, mtu akizoea kucheka hajui lini aache.

Basi nikaivua shuka nikaitupa chini. Nikanyoosha mikono.

Wa kulia ulikwenda mpaka mwisho, unaujua. Huu mwingine ulikwenda ukafika hapo unapofikaga siku hizi, ukasimama. Nikausukuma, haukwenda. Nikabaki hivyo hivyo mbele za watu.

Kilwa hii nikikohoa tu wanacheka. Siku hiyo hakucheka mtu. Hata yule wa juu ya saruji alitazama miguu yake.

Nurdin alishuka chomboni. Macho yake yakatoka kwenye kucha hii yakaja polepole mpaka kucha ile, kisha yakarudi, kama anayesoma maandishi mabaya. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo hii uliyopimia Chunguni?"

Nikamwambia, "Nyingine ninayo wapi?"

Akaiokota shuka akaniwekea begani. Kapanda, kawaambia watu wake, "Tunazunguka nje." Walizomea hao! Mama mmoja kasema nauli arudishiwe. Wamefika alasiri, wanne wametapika, mmoja kwenye saruji, lakini wamefika kwa miguu yao na watoto mgongoni.

Jana nimekwenda Chunguni na Bashiru tena. Safari hii mie kasia, kwa mkono mmoja, tulizunguka zunguka kama kuku mwenye kideri mpaka akalia kwa kucheka. Bildi katupa yeye, kamba kaitandaza yeye juu ya futi, mie nimesimamia nikimtukana. Kupwa kabisa, 1.8 m. Bashiru kaandika m kubwa kwenye kiganja chake, nikamfuta kwa mate, nikamwambia hatuna milioni sie.

Hospitali Nurdin kasema ananipeleka Jumanne. Sijakubali, ila kanzu imeshafuliwa.

Huyo Augustine wako mwambie nakuja kumsalimia. Na wewe kwenye kitabu andika mita. Pima waachie wenye mikono miwili.

Mumeo,
Likwata